Kalamu Haina Uzee
Madarasa ya watu wazima katika vituo vya Waislamu hapa Uingereza



Mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila juma bila ya kulitupia jicho. Ukiingia katika kituo chetu jioni ya Jumanne, baada ya watoto wa chuo kufunga misahafu yao na kuondoka na wazee wao, utaviona viti vile vile vidogo vikijazwa tena, na mara hii na watu wenye mvi. Yupo bibi aliyekuja na mkongojo na mfuko wa plastiki wenye daftari. Yupo baba anayepiga miayo kwa sababu ameamka saa kumi ya alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu. Yupo mama kijana anayemtikisa mtoto mchanga kwa mguu hali mkono wake ukiandika. Mwalimu ameandika ubaoni sentensi moja tu, nayo ni ya mtu kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni. Wote wanaitamka kwa pamoja, kisha wanacheka, kisha wanaitamka tena.

Hilo ndilo darasa la watu wazima. Wako wanaosema kwamba ni mahali pa kupotezea wakati, na wako waliotuambia waziwazi kwamba mtu aliyekwisha kuoza watoto hana la kutafuta katika daftari. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu, ili kila mtu apime mwenyewe.

BARUA ILIYOKAA NYUMA YA TELEVISHENI

Tuanze na kisa kilichotokea miongoni mwetu, ambacho mwenyewe ameturuhusu kukisimulia kwa sharti ya kutomtaja jina. Bibi yetu huyu amekwisha kupindukia miaka 50, na anaishi na binti yake anayefanya kazi za usiku. Hapa England wanawake wenye umri kati ya miaka 50 na 71 huitwa kila baada ya miaka mitatu kupigwa picha ya matiti, ili maradhi ya saratani yakiwapo yajulikane mapema. Bibi alikwenda, akapigwa picha, akarudi nyumbani, akalisahau jambo lile.

Baada ya muda mfupi ikaja barua nyingine. Binti alikuwa amelala, basi bibi akamwita mjukuu wake wa miaka 9, ambaye ndiye msomaji wa barua zote za nyumba ile. Mtoto akasoma siku, saa na mahali bila ya kosa lolote. Kisha akafika kwenye neno "assessment". Neno hilo analijua vizuri sana, kwani hulisikia skuli kila muhula. Akamwambia bibi yake, "Bibi, wanataka kukufanyia mtihani." Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mtihani wa nini na umri huu? Akaichukua barua akaiweka nyuma ya televisheni pamoja na karatasi za umeme na matangazo ya pizza.

Mtoto hakusema uongo. Alifasiri kwa kadiri ya elimu yake, na elimu ya mtoto wa miaka 9 haina maradhi ndani yake.

Majuma yakapita. Siku moja mwalimu wa darasa letu aliwataka wanafunzi kila mmoja aje na karatasi yoyote kutoka nyumbani, iwe risiti au barua, ili waisome pamoja. Bibi akachomoa bahasha ya kwanza iliyomjia mkononi. Mwalimu alipoiona hakuisoma kwa sauti. Alimshika mkono akatoka naye ukumbini, na pale pale, penye viatu, akasubiri naye mpaka asubuhi ya pili wapange nani atapiga simu na nani atafuatana naye. Bibi aliitwa tena, akachunguzwa, uvimbe mdogo ukaonekana, akatibiwa. Leo amerudi darasani, na kila akiulizwa yuko ngazi gani, hujibu kwamba mtihani wake yeye amekwisha kuupasi.

Ndugu wasomaji, tunajua kwamba si nyumba hiyo peke yake. Ni nyumba ngapi za kwetu ambazo mkalimani wake ni mtoto? Mtoto huyo hukaa katikati ya mama yake na daktari, akasikia yasiyomhusu kusikia, na mara nyingine akayapunguza kwa haya au kwa khofu. Miongozo ya NHS England ya mwaka 2018 inasema kwamba mgonjwa ana haki ya kupatiwa mkalimani aliyesomea kazi hiyo bila ya kutozwa pesa, na kwamba watoto wasitumiwe kwa kazi hiyo. Basi mwenye kuhitaji na aombe mkalimani wakati anapopanga miadi, wala asione aibu. Lakini mkalimani hukutana nawe katika chumba cha daktari tu. Barua inapoangukia mlangoni, uko peke yako nayo.

SI JAMBO GENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba mtu mzima kukaa darasani ni desturi ya kizungu tuliyoikuta huku. Kwa hakika sivyo. Katika mwaka wa pili wa Hijra, baada ya vita vya Badri, wafungwa wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mfungwa watoto kumi. Katika mapokezi tunasoma pia kwamba Bibi Shifaa binti Abdillahi alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Bibi Hafsa huyo ndiye mke wa Mtume, rehema na amani zimshukie.

Na huko kwetu pwani, nani asiyezijua darsa za misikitini baina ya magharibi na isha, ambapo mchukuzi wa bandarini na tajiri wa duka hukaa mkeka mmoja? Kwa walio kutoka Tanzania kuna kumbukumbu nyingine pia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 takriban watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Likaja kisomo, chini ya miembe na katika ofisi za vijiji, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi kusikiliza radio na kujadiliana juu ya vyoo, maji na malaria. Kufikia mwaka 1986 serikali ilitaja kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama asilimia 10. Baadhi ya mabibi walioko katika darasa letu leo walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika kisomo hicho. Waulizeni, watawaeleza.

Hata hapa Uingereza Waislamu walilitambua jambo hili mapema. Abdullah Quilliam, wakili wa Liverpool aliyesilimu mwaka 1887, alifungua kituo chake katika nyumba za Brougham Terrace mwaka 1889. Nyumba hizo hazikuwa pahala pa kusalia tu, bali palikuwa na madarasa ya jioni, maktaba na matbaa, na watu wa mji waliweza kuhudhuria masomo hata wasiokuwa Waislamu. Quilliam aliondoka mwaka 1908 na kituo kikafa, lakini jengo limefufuliwa na likafunguliwa tena kuwa msikiti mwaka 2014. Kadhalika hapa London, msikiti wa East London ulioko Whitechapel Road ulijengewa ubavuni mwake kituo kiitwacho London Muslim Centre mwaka 2004, na mwaka 2013 likaongezwa jengo la wanawake la Maryam Centre. Waliojenga walijua kwamba mtu akishatoa salamu ya mwisho ya sala, dunia inamngojea nje ya mlango, na dunia hiyo inasema Kiingereza.

HAJUI KUSOMA, AU HAJAULIZWA?

Sasa tueleze jambo ambalo limetufunza hata sisi tunaoendesha madarasa haya. Mwanafunzi anapoandikishwa hujaziwa fomu, na katika fomu kuna swali kama anajua kusoma na kuandika. Wengi wa mabibi zetu hujibu kwamba hawajui, na karani huandika hivyo. Mwaka jana mwalimu mmoja aliona bibi mmoja akiandika kitu pembeni ya daftari lake, kuanzia kulia kwenda kushoto. Alipomuuliza, bibi alisema ameandika vitu vya kununua sokoni: nazi, bizari, mchele. Alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na babu yake.

Je, mtu huyo hajui kusoma? Amehitimu Kurani, huandikiana barua na dada yake kwa khati hiyo, na kwa mamia ya miaka kabla ya skuli za serikali hiyo ndiyo iliyokuwa khati ya mashairi, mikataba na barua za pwani yote. Lakini miaka yote aliyokaa hapa amekuwa akihesabiwa katika ofisi za watu kuwa hajui kitu, na lililo baya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuamini.

Tangu siku ile mwalimu hubadilisha swali lake. Haulizi tena kama mtu anajua kusoma. Huuliza amewahi kusoma nini. Aliyesoma chuoni anajua kwamba herufi ni sauti, anajua mstari, anajua kituo, na anajua kukaa kitako mpaka somo liingie. Hilo ni zaidi ya nusu ya safari. Kinachombakia ni kuugeuza mkono upande wa pili na kujifunza herufi mpya, na kuzoea kwamba daftari la Kiingereza hufunguliwa upande ambao kwake ndio mwisho wa kitabu. Juma la kwanza huwa ni la kichekesho, kwani nusu ya darasa huanza kuandika kwenye ukurasa wa nyuma. Baada ya hapo huenda kwa kasi ambayo huwashangaza hata walimu.

Na kwa yule ambaye kwa kweli hajashika kalamu maishani mwake, naye asijione pekee. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Sir Claus Moser mwaka 1999 ilisema kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila watano nchini hapa hakufikia kiwango cha kusoma kinachotarajiwa kwa mtoto wa miaka 11. Wengi katika hao walikuwa ni wenyeji, waliozaliwa hapa na kusoma skuli za hapa. Aibu, basi, haina sababu ya kututembelea sisi peke yetu.

NINI KINAFUNDISHWA

Masomo ya Kiingereza kwa wasemaji wa lugha nyingine hujulikana hapa kwa herufi za ESOL. Tangu mwaka 2001, serikali ilipoanzisha mpango wa Skills for Life, yamepangwa kwa ngazi tano: Entry 1, Entry 2, Entry 3, kisha Level 1 na Level 2. Anayeanza kabisa hupimwa kwanza kwa mazungumzo mafupi, wala hapana haja ya kukiogopa kipimo hicho. Entry 1 mtu hujifunza kujieleza, kujaza fomu fupi na kufuata maagizo mepesi. Entry 3 huweza kueleza maradhi yake kwa daktari na kuzungumza na mwalimu wa mtoto wake bila ya mtu wa kati.

Pamoja na Kiingereza, vituo vingi hufundisha hesabu na kompyuta, na tunapenda kusisitiza hili la kompyuta. Zamani mtu aliweza kwenda ofisini akapanga foleni akasaidiwa. Leo maombi ya msaada wa Universal Credit hufanywa kwa intaneti, nafasi za skuli huombwa kwa intaneti, na hata uthibitisho wa ruhusa ya kuishi nchini umehamia huko. Zile kadi za ukaazi zilizojulikana kama BRP zilifikia mwisho wake tarehe 31 Disemba 2024, na badala yake mtu hutakiwa kuwa na akaunti yake ya eVisa. Asiyejua kuifungua akaunti hiyo humpa mtu mwingine barua pepe yake, simu yake na neno lake la siri. Tumekwisha kusikia habari za watu waliofanya hivyo kisha wakashindwa kuingia katika hati zao wenyewe. Kujifunza kufungua akaunti yako mwenyewe ni sawa na kujifunza kushika ufunguo wa nyumba yako.

JUU YA URAIA

Wengi huja darasani kwa ajili ya uraia, basi na tuliseme wazi ili mtu asije akapoteza pesa. Mtihani wa Life in the UK ulianza Novemba 2005 kwa wanaoomba uraia, na kuanzia Aprili 2007 kwa wanaoomba ukaazi wa kudumu pia. Una maswali 24, wakati wake ni dakika 45, na anayepata majibu 18 amefuzu. Tangu Oktoba 2013 mtihani huo peke yake hautoshi kwa uraia, bali mwombaji hutakiwa athibitishe vile vile kwamba anasema na kufahamu Kiingereza kwa kiwango kiitwacho B1, ambacho kinalingana na Entry 3.

Hapa ndipo watu wetu wengi hukosea. Cheti cha ESOL unachopewa darasani kinakufaa kwa kazi na kwa kuendelea na masomo, lakini Home Office haikikubali tena kuwa uthibitisho wa lugha. Ni lazima kufanya mtihani katika kituo kilichoidhinishwa na Home Office yenyewe. Aliyetimiza miaka 65 husamehewa yote mawili, na mwenye maradhi ya kudumu yanayomzuia huweza kuomba msamaha kwa barua ya daktari. Sheria hizi hubadilika mara kwa mara, na mwelekeo wake ni wa kukazwa, basi kabla ya kulipa chochote muulize mshauri wa uhamiaji anayetambulika kisheria, wala usitegemee maneno ya barazani.

PESA ZINATOKA WAPI

Mpaka mwaka 2007 masomo ya ESOL katika England yalikuwa bure kwa karibu kila mtu. Kuanzia Agosti mwaka huo yakaanza kutozwa ada, na waliobaki kusoma bure ni wenye kipato kidogo na wanaopokea misaada fulani. Kisha yakaja makato. Fedha ambazo serikali ilitoa kwa masomo haya zilishuka kutoka kiasi cha pauni milioni 203 mwaka 2010 hadi kiasi cha milioni 90 mwaka 2016. Na katika Januari ya mwaka huo huo wa 2016, Waziri Mkuu wa wakati ule, David Cameron, alitangaza pauni milioni 20 za kuwafundisha Kiingereza wanawake waliotengwa na lugha, akataja kwamba wanawake wa Kiislamu wapatao 190,000 husema Kiingereza kidogo au hawakisemi kabisa. Wengi wa walimu walijibu kwamba wanawake hao hawakukataa kusoma; walikuwa katika orodha za kungojea nafasi.

Hayo ni ya wakubwa, lakini athari yake iko katika ukumbi wetu. Darasa la kituo hupewa mwalimu kwa hesabu ya wanafunzi wanaohudhuria, si kwa hesabu ya walioandika majina. Jina lako likiwa katika daftari nawe uko nyumbani unatazama mpira, daftari linasema ukweli kuliko wewe. Muhula uliopita darasa la siku ya Alhamisi lilifungwa kwa sababu hiyo. Lilikuwa na majina ya kutosha, lakini mvua ilipoanza kunyesha na siku zilipokuwa fupi, viti vilibaki vitupu, na mwalimu akahamishwa. Mama mmoja alikuja Alhamisi iliyofuata akakuta mlango umefungwa. Alikuwa amebadilisha zamu yake ya kazi ili apate kuja. Hatukuwa na la kumwambia.

YANAYOWAZUIA WATU

La kwanza ni haya. Mtu mwenye heshima yake, anayeitwa kwenye harusi kutoa nasaha, huona tabu kukosolewa mbele ya watu juu ya herufi. Kwake tunasema: kuuliza si ujinga, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La pili ni kazi na watoto. Wengi wetu hufanya kazi ambazo saa zake hazina huruma. Kwa hiyo tumeomba darasa moja liwe asubuhi baada ya watoto kupelekwa skuli na moja liwe jioni, na baadhi ya mama wamejitolea kwa zamu kuwaangalia watoto wachanga katika chumba cha pili.

La tatu tunalitaja kwa adabu, nalo ni baadhi ya waume. Alitujia baba mmoja akasema kwamba hampendi mkewe atoke usiku, na kwamba Kiingereza kitamfanya asimsikilize. Hatukumjibu kwa ukali. Tulimwomba akae nyuma ya darasa siku moja aone kinachosomwa. Siku ile yalisomwa maneno ya kumpigia simu mhandisi wa boila. Akakaa mpaka mwisho. Juma la pili alirudi, na alipoulizwa kama amemleta mkewe, akasema mkewe yuko njiani. Yeye amekuja kujiandikisha.

La nne ni khofu kwamba Kiingereza kitakula Kiswahili na mila zetu. Khofu hii hatuidharau, kwani sote tunawaona wajukuu wanaojibu salamu kwa Kiingereza. Lakini tutazame inakotoka. Mzazi asiyejua lugha ya nchi humtegemea mtoto, na mtoto anayetegemewa huwa mkubwa wa nyumba kabla ya wakati wake. Hapo heshima huanza kulegea. Mzazi anayeweza kwenda mwenyewe skuli na benki hurudi nyumbani na mamlaka yake, na mamlaka hayo ndiyo yanayomwezesha kumwambia mtoto, "Humu ndani tunasema Kiswahili," naye akasikilizwa. Basi Kiingereza kiwe cha ofisini na Kiswahili kiwe cha mezani, na kila kimoja kikae pahala pake.

KITUO NI AMANA

Ndugu zetu wa Barawa, ambao lugha yao ya Chimiini ni tawi la Kiswahili chetu, walitawanywa na vita vya Somalia vilivyoanza mwaka 1991, na wengi wakafika kaskazini ya London. Huko Muswell Hill walikuwa na kituo walichokitumia kwa shughuli zao zote. Alfajiri ya tarehe 5 Juni 2013 kituo hicho kilichomwa moto kikateketea. Katika Ramadhani iliyofuata, waliowafungulia mlango wakapata pahala pa kukusanyika ni Mayahudi wa sinagogi la Finchley, na wema huo haujasahauliwa.

Tunalikumbusha tukio hili kwa sababu moja. Jamii ile ililia kwa kupoteza pahala pa kusalia na pahala pa kuwakalisha watoto wao. Sisi hatukuchomewa kituo. Madarasa yetu yako, taa zinawaka, mwalimu amekuja na chaki yake. Itakuwa ni msiba wa namna gani ikiwa pahala petu patafungwa si kwa moto wa adui, bali kwa uvivu wetu wenyewe?

KWA ANAYETAKA KUJIANDIKISHA

Uandikishaji ni mwezi wa Septemba, na mara nyingine nafasi hubaki Januari. Njoo na pasipoti au uthibitisho wa eVisa, barua yoyote yenye anwani yako, na karatasi ya msaada au ya mshahara ikiwa unataka kusamehewa ada. Aliyekwisha kupewa ukimbizi huruhusiwa tangu mwanzo. Aliyekuja kwa viza ya ndoa mara nyingi huambiwa angoje mpaka atimize miaka mitatu nchini ndipo serikali imlipie. Huyo asikate tamaa, bali aje aulize, kwani ziko darasa za kujitolea zisizouliza hati yoyote. Na ambaye Kiingereza chake ni kizuri, naye tunamhitaji. Saa moja kwa juma ya kukaa na bibi mmoja na kitabu kimoja ni sadaka inayoendelea.

Tumalizie kwa bibi yetu wa barua. Juzi ilimjia bahasha nyengine. Mjukuu akanyoosha mkono kama kawaida yake. Bibi akamwambia, "Ngoja kwanza, nianze mimi." Akaifungua, akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kwa muda ambao mtoto aliona ni mrefu kuliko kipindi kizima cha katuni. Ilikuwa ni barua ya kampuni ya maji, kwamba maji yatafungwa mtaani siku ya Jumatano kuanzia saa tatu ya asubuhi. Bibi akainuka akajaza ndoo mbili. Kisha akabisha hodi kwa jirani yake, mama wa Kiingereza anayeishi peke yake, akamwambia naye ajaze.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awalipe kheri walimu wetu. Tuonane darasani.


Mwandishi wenu